Mpishi Aliyelisha Shule Isiyomtaka Mjukuu Wake

Saa kumi na moja na robo alfajiri, taa za jikoni katika Shule ya Sekondari ya Kaunti ya Wetoka, Alabama, zinawaka moja baada ya nyingine. Ya mwisho, iliyo juu ya jiko la gesi, inagoma. Ozella Birdsong anachukua ufagio, anaigonga kwa mpini, inawaka.

"Kila kitu hapa kinataka kubembelezwa," anasema. "Taa, bomba, oveni. Hata mlango wa friji lazima uuombe radhi."

Ana umri wa miaka sitini na miwili. Kichwani amefunga kitambaa cha zambarau, miguuni amevaa viatu vya mpira ambavyo soli zake zimeanza kulala upande. Mkono mmoja unamimina unga wa mahindi meupe kwenye maji yanayochemka, mwingine unakoroga ili uji usishike madonge. Watoto watafika baada ya saa moja na nusu, na wapo ambao hawajatia kitu tumboni tangu chakula cha mchana cha jana.

Nyuma yake, mwenzake Cleotha Mabry anapanga soseji kwenye sinia.

"Dada Ozella, hiyo mikate ya siagi umekanda kwa siagi ya kule kwa wakubwa au hii yetu ya msaada?"

"Nimekanda kwa siagi ya kuziba mdomo wako. Ikiiva nitakuletea wa kwanza."

Cleotha anacheka mpaka sinia linatikisika. Wanawake hawa wawili wamefahamiana tangu utoto na wanaimba kwaya moja, lakini wamefanya kazi pamoja tangu Agosti tu. Kwa miaka ishirini na saba kabla ya hapo, Ozella alikuwa anapika upande wa pili wa barabara kuu, kwenye Akademi ya Halbrook.

Wetoka ni mji mdogo. Duka la vyakula ni moja, benki ni moja, daktari wa meno anakuja Jumatano. Mweusi na mzungu wanapanga foleni moja ya petroli na kuulizana habari za wagonjwa. Lakini makaburi ni mawili, na shule ni mbili.

Ya umma ina watoto weusi watupu, pamoja na watoto watatu wa familia moja kutoka Guatemala ambao baba yao anafanya kazi kwenye mabwawa ya kambare. Akademi ina watoto wazungu, ukiwaondoa wavulana wawili weusi. Wavulana hao wote wawili wanacheza futiboli ya Kimarekani.

Kaunti yenyewe, katika kila watu kumi, saba ni weusi. Huhitaji kuwa mwalimu wa hesabu kuona kwamba kitu hapa kimepangwa na mikono ya watu.

Ozella anajua kilivyopangwa, kwa sababu alikuwepo.

Mwaka 1967 wilaya ya shule ilitangaza kwamba kila mzazi yuko huru kumchagulia mtoto wake shule. Ndivyo walivyoiita: uhuru wa kuchagua. Mama yake Ozella, Lottie, alikuwa anachuma pamba na kupiga pasi kwenye shamba la mzungu aliyemiliki pia nyumba waliyolala. Akamchagulia mwanawe mkubwa, Ulysses, aliyekuwa na miaka kumi, shule ya wazungu, kwa sababu ilikuwa na vitabu vyenye majalada.

Jumatatu alichagua. Ijumaa mwenye shamba alisimama uani bila kushuka kwenye pikapu yake.

"Alimwambia mama, 'Lottie, umetumia uhuru wako, na mimi natumia wangu. Mpaka Jumapili nataka nyumba yangu,'" anasimulia Ozella. "Nilikuwa na miaka minne. Nakumbuka kuku. Tuliwaacha kuku."

Ulysses alisoma shule ile mwaka mmoja. Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemsemesha pia. Kila alipokaa mezani kula, meza ilihama. Alipofika miaka kumi na minane alipanda basi kwenda Cleveland, na tangu hapo amerudi nyumbani kwa ajili ya mazishi tu.

Kisha, mwaka 1970, mahakama ikasema basi, uchaguzi umekwisha, watoto wote wakae pamoja. Kiangazi kile wazungu wa Wetoka walihama shule kama watu wanaokimbia mafuriko. Walianzisha Akademi ya Halbrook ndani ya ghala la mbolea, na Septemba ilipofika hakubaki mtoto mzungu hata mmoja kwenye shule ya umma. Bwawa la kuogelea la mji nalo wakalijaza udongo wiki hizo hizo. Leo pameota nyasi nzuri sana.

Ozella alianza darasa la kwanza Septemba hiyo, katika jengo walilolikimbia, ambalo wakati huo lilikuwa na madarasa yote.

"Tulipoingia, ukutani palikuwa na alama nyeupe za mraba, mahali walipong'oa picha. Ngoma za bendi walichukua. Vikombe vya mashindano walichukua. Kwenye maabara walichukua hadubini zote, wakaacha meza na tundu za skrubu. Mwalimu wetu alisema, 'Watoto, msiguse ukuta, rangi bado mbichi.' Hakukuwa na rangi mbichi. Alikuwa anatafuta cha kusema."

Maabara hiyo ipo mpaka leo, koridoni mwa jiko hili. Meza ni zile zile.

Kama unajiuliza mwanamke mwenye kumbukumbu hizi alifikaje kupikia watoto wa Akademi, hujawahi kuishi Wetoka. Ozella aliolewa mapema, akaachika mapema, akalea binti mmoja kwa kupasua kambare kiwandani kwa miaka kumi na miwili. Anaonyesha viganja vyake: vidole viwili vya mkono wa kushoto havinyooki. Mwaka 1998 Akademi ilipotafuta mpishi, yeye aliona chumba kikavu chenye joto, na akaenda.

"Watu walinisema," anakiri.

"Mimi nilikusema," Cleotha anadakia kutoka kwenye oveni. "Nilikuita mpishi wa Farao. Mbele ya kwaya."

"Na mwana wa Farao alishiba. Kwani wewe ungenilipia umeme?"

Akademi ilimlipa, mpaka mwaka jana, dola kumi na moja kwa saa, bila bima ya afya. Kwa malipo hayo alipika kuku wa kukaanga, bamia, mkate wa mahindi na sukuma wiki iliyochemshwa na mfupa wa nguruwe, na watoto wa watu waliolijaza bwawa udongo wakakua kwa mkono wake.

Walimpenda. Hilo analisema bila kuuma maneno, na ndilo linalomkera zaidi. Walimkumbatia kila asubuhi. Walimletea kadi Siku ya Akina Mama. Wakioa walimwalika, na akifika walimwomba aangalie mchuzi.

Mmoja wao alikuwa Clay Bascomb, mvulana mwembamba wa darasa la tatu aliyekuwa hali bamia. Ozella alimfundisha kuila kwa kuikaanga na unga wa mahindi. Leo Clay ana miaka thelathini na sita, ana tumbo dogo na tai ya bluu, na ndiye mkuu wa Akademi.

Miaka miwili iliyopita jimbo lilipitisha mpango wa kuwapa wazazi hela ya umma, hadi dola elfu saba kwa mwaka kwa mtoto mmoja, wampeleke shule binafsi wanayoitaka. Mpango ulipewa jina lenye neno lile lile la mwaka 1967. Kuchagua.

Kabla wino haujakauka, Akademi ilipandisha ada kutoka dola elfu tano na mia tano hadi elfu saba na mia mbili. Wazazi ambao siku zote walikuwa wakilipa wenyewe, wenye mashamba na mabwawa, wakaanza kulipiwa na jimbo. Upande huu wa barabara, shule ya umma ilipunguziwa mwalimu wa sanaa, na mwalimu wa kemia alipostaafu hakuletwa mwingine. Sasa watoto wanasoma kemia kwa kutazama skrini, huku mtu mzima amekaa mlangoni kuhakikisha hawapigani.

Mjukuu wa Ozella, Shamiya, anaishi naye tangu mama yake aanze kazi hospitalini Birmingham. Ana miaka kumi na minne, mrefu, mwenye ulimi. Ni mtoto wa kuchanganya siki na magadi ili aone litakalotokea, na dari ya bafu ya bibi yake ina doa la kijani linalothibitisha hilo.

Ni Clay mwenyewe aliyeleta jikoni habari za vocha, ile hela ya jimbo, Februari ya mwaka jana. Alikuja kuonja mchuzi, kama kawaida yake.

"Miss Ozella, mambo yananyooka," alimwambia. "Wazazi sasa wana chaguo. Kila mzazi. Mwakani tunajenga maabara mpya, bomba la gesi kila meza."

"Kila mzazi?"

"Kila mzazi."

"Hata mimi? Mjukuu wangu anaingia kidato cha kwanza cha sekondari."

Ozella anasema Clay alirudisha kijiko kwenye mchuzi kwanza, kisha akatabasamu. "Bila shaka. Mlete. Itakuwa heshima kwetu."

Nyumbani, Shamiya hakufurahi.

"Bibi, kule? Hawana hata bendi. Wana piano na mama mmoja."

"Wana maabara."

"Wana watu ambao wakiniona dukani wanaficha pochi."

"Wataficha pochi, wewe utafungua kitabu. Ukimaliza utaondoka nacho kichwani, nao watabaki na pochi zao."

Shamiya alikubali kwa ajili ya bibi yake. Alifanya mtihani wa kuingia na kupata alama za juu, na hilo Akademi yenyewe haikulikana. Kisha akaitwa kwenye usaili. Alivaa gauni la kanisani. Ozella alimsuka usiku uliotangulia, misuko midogo iliyolala vizuri, akamkalisha kwenye kiti cha koridoni na kurudi jikoni, kwa sababu siku hiyo kulikuwa na supu.

Ndani walikaa watu watano wa kamati. Shamiya anakumbuka swali la kwanza.

"Mmoja aliniangalia miguu, akauliza, 'Unakimbia?' Nikamuuliza, 'Nakimbia kwenda wapi?' Wakacheka. Akasema, 'Hapana, yaani riadha. Mpira wa kikapu?' Nikamwambia mimi napenda kemia. Akasema, 'Ah.' Halafu wakaniuliza kama nywele zangu naweza kuzifanya za kawaida."

"Ukajibuje?" namuuliza.

"Nikasema hizi ndizo za kawaida."

Wiki mbili baadaye, Alhamisi baada ya chakula cha mchana, Clay Bascomb aliingia jikoni na kufunga mlango. Ozella alikuwa anasugua masufuria. Alijua kabla Clay hajafungua mdomo, kwa sababu hakuonja kitu.

"Miss Ozella, kamati imekaa. Shamiya ni mtoto mzuri sana. Lakini wameona haendani na sisi. Kwa sasa."

"Amekosa nini?"

"Hajakosa kitu."

"Mtihani?"

"Mtihani amefanya vizuri mno."

"Adabu?"

"Hapana, hapana. Ni suala la kuendana tu. Tunaangalia mtoto mzima."

"Na mtoto mzima mliyemwona ana nini, Bwana Clay?"

Clay akafungua mikono, akamkumbatia, aproni ya Ozella ikiwa imelowa povu. Akamwambia sikioni, "Unajua wewe ni familia hapa."

Ozella anasema alisimama ndani ya kumbatio lile kama mti uliofungwa mbuzi. Kisha akamsogeza taratibu, kwa viwiko, ili asimchafue tai.

"Nikamwambia, 'Clay.' Sikuweka Bwana. Miaka ishirini na saba naweka Bwana kwa mtoto niliyempangusa makamasi, siku hiyo neno halikuja. Nikamwambia, 'Clay, familia gani hii ambayo mtoto wangu hana kiti? Mimi familia nimeziona. Mimi ni sufuria yenu. Sufuria mnaipenda, lakini hamuiketishi mezani.'"

Alimaliza kuosha vyombo. Anasema vyombo havikumkosea. Akachukua visu vyake viwili na kikaango cha chuma alichorithi kwa mama yake, akavifunga kwenye aproni, akaondoka akipita katikati ya uwanja, saa ya mapumziko, watoto wakimpungia mkono na kuuliza, "Miss Ozella, kesho tunakula nini?"

Kesho yake walikula mkate na vipande vya nyama baridi.

Simu zikaanza kulia. Ozella anazikumbuka na damu inampanda upya. Mama mmoja alitaka kujua kama anaumwa. Mwingine aliuliza atarudi lini, kwa sababu mwanawe hali chakula cha mtu mwingine. Wa tatu alikumbusha kwamba Siku ya Waanzilishi imekaribia, wageni mia nne, Akademi inatimiza miaka hamsini na mitano, nani atapika? Wa nne aliomba, kwa upole mkubwa, amwandikie jinsi ya kupika ile sukuma wiki.

"Hakuna hata mmoja aliyemtaja Shamiya. Hata kwa bahati mbaya. Mji mzima unajua mbwa wa nani kazaa, lakini hilo hawakulijua."

Mmoja alilijua. Ni mwalimu wa Akademi, mzungu, aliyekuwa ndani ya chumba cha kamati. Alizungumza nami kwa sharti nisimtaje jina. Jumamosi moja ya Mei aliegesha gari mbali na nyumba ya Ozella, akaja kwa miguu mpaka barazani, akakaa ukingoni mwa kiti akilia.

Alisema kamati ilikuwa tayari kumpokea msichana. Alama zake ziliwazidi nusu ya waliopokelewa. Ndipo mzee mmoja wa bodi, ambaye baba yake alitoa lile ghala la mbolea, akasema: "Huyu hachezi mpira. Tukimpokea huyu kwa kuwa ana akili, kesho watakuwa kumi getini na vocha mkononi, na wote wana akili. Sasa niambieni, hii shule tuliijenga kwa nini?"

"Na wewe ulisema nini?" Ozella alimuuliza.

"Sikusema kitu."

"Wengine?"

"Hakuna aliyesema kitu. Clay aliangalia meza."

Ozella alimpa karatasi laini ya kufuta machozi, na glasi ya chai baridi, kwa sababu mgeni ni mgeni. Kisha akamwambia, "Mama, umekosea nyumba. Mimi hilo nalijua tangu nina miaka minne. Hilo neno lipeleke kwa wasiolijua. Hapa kwangu umekuja kulitua tu, na mimi mgongo umejaa."

Nilikwenda Akademi kumuuliza Bwana Bascomb. Alinipokea kwa adabu, akanipa kahawa. Alisema shule yake inapokea watoto wa rangi zote, kwamba mazungumzo ya kamati ni siri, na kwamba Miss Ozella ataendelea kupendwa daima. Nilimuuliza kama kauli ya mzee wa bodi ilitamkwa. Alisema hakumbuki maneno hayo hasa.

Nilipotoka nilipita kwenye korido yenye picha za wahitimu, mwaka baada ya mwaka tangu ghala la mbolea. Nilitembea polepole nikitafuta sura inayofanana na yangu. Nilifika 2011 ndipo nikamwona wa kwanza. Alikuwa ameshika mpira.

Hakuna anayewazuia watu hawa kuwa na shule yao. Walikuwa nayo kwa nusu karne, wakailipia kutoka mifukoni mwao, na sisi tukapita barabarani tukitazama mbele. Lakini sasa wanailipia kutoka mifukoni mwetu. Ukienda kununua unga, mchele au chumvi katika jimbo hili, unakatwa kodi, na kodi hiyo imekusudiwa elimu. Mjane wa Wetoka anayenunua mahindi ya kopo anachangia bomba la gesi la maabara ambayo mjukuu wake hawezi kuingia. Anayechagua ni shule. Mzazi amepewa haki ya kubisha hodi tu, na hodi hiyo tuliibisha zamani, tukafukuzwa nyumbani na kuacha kuku.

Mwanasheria wa Montgomery aliyesikiliza kesi ya Ozella alimwambia ukweli: bila mtu wa kamati kusimama mahakamani na kula kiapo, neno "haendani" ni ukuta usio na mlango. Yule mwalimu bado anafikiria. Bado anafundisha pale pale.

Agosti, Ozella alianza kazi shule ya umma. Mshahara unazidi wa Akademi kwa dola moja na senti kidogo, na kwa mara ya kwanza maishani ana kadi ya bima ya afya. Alipoipata aliibusu, kisha akaenda kupimwa vidole vyake, vile viwili. Daktari alimwambia vingenyooshwa kama angekuja miaka ishirini iliyopita.

Siku yake ya kwanza jikoni, Cleotha alimpokea mlangoni na mikono kiunoni.

"Umechelewa."

"Ni saa kumi na moja kasoro."

"Umechelewa miaka ishirini na saba. Vaa aproni."

Novemba, habari zilipokwisha kuenea mpaka kwenye redio ya Selma, Clay Bascomb alipiga simu. Ozella aliiweka simu kwa sauti ya juu, mezani, Shamiya akiwa anakula. Clay alisema kamati imekaa upya. Kumepatikana nafasi moja kuanzia Januari. Shamiya anakaribishwa, ada yote imeshughulikiwa. Na kama Miss Ozella angependa kurudi jikoni, wangefurahi sana, watoto wanamwulizia.

Ozella anasema alitamani. Hawezi kudanganya. Alifikiria zile meza mpya za maabara. Akamtazama mjukuu wake, akasema, "Ni lako hili. Mimi nilishachagua mara moja kwa niaba yako. Safari hii sema wewe."

Shamiya alitafuna akamaliza. Akainamia simu.

"Bwana Bascomb, shikamoo. Asante sana. Sisi hapa nyumbani tulikaa kamati, tukaangalia shule nzima. Ni shule nzuri. Lakini tumeona haiendani na sisi. Kwa sasa."

Upande wa pili simu ikakatwa. Cleotha, aliyesimuliwa kesho yake, ilibidi akae kwenye gunia la viazi.

Lakini kicheko hakifundishi kemia, na Ozella analijua hilo kuliko mtu yeyote. Shamiya yuko kidato cha kwanza, mbele ya skrini. Juzi alimwonyesha bibi yake daftari: mwalimu wa skrini alichanganya vimiminika viwili kwenye chupa, picha ikaganda, na darasa zima halikuona kilichotokea. "Walibaki wanabishana ni rangi gani," anasema Ozella. "Watoto ishirini na sita wanabishana rangi ya maji ambayo hawatayaona. Hapo ndipo hasira zangu zilipopata kazi."

Sasa kila Jumamosi, uani kwa kanisa lao, Ozella na Cleotha wanauza sahani: kambare wa kukaanga, sukuma wiki, mkate wa mahindi, kipande cha pai ya viazi vitamu. Watu wanatoka mpaka kaunti ya jirani. Wazungu wachache wanakuja pia, wengine wakiwa wamevaa kofia za Akademi. Wanalipa, wanasema asante, hawatazami machoni. Pesa inatunzwa na wazee wa kanisa, na mwalimu wa kemia aliyestaafu, Bwana Percival Stallworth, amekubali kurudi siku mbili kwa wiki kuanzia Februari, mradi apate vifaa na mtu wa kumletea chakula cha mchana.

"Chakula siyo tatizo," anasema Ozella.

Mwezi huo huo wa Februari, basi la kanisa litakwenda Montgomery, kwenye kikao cha bunge la jimbo. Wazazi na mabibi wa kaunti nne wameomba kusikilizwa. Wanataka jambo dogo mno kiasi kwamba linatia aibu kuliomba: shule inayopokea hela ya umma ipokee mtoto wa umma, na ikimkataa iseme kwa maandishi ni kwa nini. Ozella amechaguliwa kuzungumza. Amepewa dakika mbili.

"Dakika mbili!" Cleotha anaguta, akifunga mlango wa oveni kwa goti. "Huyu kusalimia tu zinakwisha dakika tano."

"Sitasalimia."

Nje magari ya shule yameanza kuingia, na kelele za watoto zinafika kabla yao. Ozella anafunika sufuria, anajipangusa mikono, anavuta dirisha la kugawia chakula. Namuuliza, kabla foleni haijafika, atawaambia nini wakubwa wale.

"Nitawaambia simpigii mtu magoti ili Shamiya akae karibu na watoto wao," anasema. "Hawana cha kumwambukiza. Nitawaambia mimi na mama yangu na kaka yangu tumelipa hizi shule zote mbili. Moja kwa kodi, nyingine kwa mgongo. Na mtu akilipia nyumba, haendi kuomba aingizwe. Anaomba funguo."

Mtoto wa kwanza anafika dirishani akihema, begi limemning'inia bega moja, na kuuliza kama mikate ya leo ni ile ile ya jana.

"Ni mizuri kuliko ya jana," anamjibu Ozella. "Chukua miwili. Leo mna mtihani."